Kitanda cha Futi Tisa

Masika, kabla hujachomeka waya huo,
njoo upande wangu wa kulia,
upande ambao bado una mtu nyumbani.

Mwalimu Mbambu alisema futi sita.
Mimi nilisikia tisa.
Nilikuwa nimetoka kuzima msumeno, vumbi la mvule kwenye kope,
nikaandika tisa kwa penseli ubaoni,
nikakata tisa, nikapiga randa tisa,
na Jumamosi vijana wanne wakakipitisha kitanda sokoni Kasese,
ncha yake ikikunja kona
kabla wabebaji hawajaiona kona yenyewe.
Mwalimu ni mfupi kuliko wewe.
Alisimama mlangoni, akacheka hadi akaketi chini.
Nami nikacheka, kwa kuwa wote walicheka.
Sikujua bado tunachekea nini.

Hakuna aliyeniambia kwamba sikio huhama
kama mpangaji mwenye deni la kodi:
leo anatoa kijiko, kesho mkeka,
hadi siku unasukuma mlango, chumba kitupu.
Zilitangulia sauti nyembamba.
Ndege wa alfajiri. Kitunguu kikilia kwenye mafuta.
Kisha sa, fa, sha zikadondoka,
maneno yakanijia na mapengo
kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.
Mto Nyamwamba ninausikia. Sauti yake nene,
usiku kucha unasukuma mawe.
Mjukuu wangu akiniita kutoka jikoni, simsikii.
Jiwe limebaki. Mtoto amepotea.

Jicho likiingiwa na cheche hutoa machozi.
Kidole kikikatwa, watu hukimbia na kitambaa.
Sikio halina damu ya kukuonyesha,
linanyamaza tu,
na mimi nikadhani kunyamaza kwake ni kuzoea.
"Nimezoea," nilimwambia mama yako,
naye akifunga dirisha kila niliposhika grainda.
Nimezoea!

Pamba nilijaribu, ile ya godoro.
Pamba ni pazia, Masika.
Mlio wa msumeno huipita kama mwizi aliyekulia nyumba hiyo.

Halafu Jumanne moja umeme ulikatika.
Msumeno ukafa katikati ya ubao,
mtaa mzima ukatulia,
na ndani ya kichwa changu mashine ikaendelea.
Nyenje mmoja wa chuma, asiyevuta pumzi.
Miaka saba sasa. Hajalala hata usiku mmoja.

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa.
Langu lilikuwa zima lilipoikataa dawa.
Lilikufa baadaye.

Basi shika hivi. Elfu thelathini na tano,
nimepatana hadi mwenye duka akachoka kunipigia kelele.
Vikombe viwili vyeusi na upinde wa kupita utosini.
Vua kwanza kilemba, rudisha nywele nyuma,
vikumbatie sikio lote, pasibaki upenyo:
kelele ni kama maji, haiulizi mlango.
Vivae kabla ya kuwasha.
Usiniambie ni kipande kimoja tu.
Mimi nilimalizwa na kipande kimoja tu,
kila siku kipande kimoja tu.
Mtoto asicheze hapa barazani ukiwa kazini.
Na ukichoka zima, kaa, uache masikio yapumue.

Kaa hapo hapo, kwenye kitanda cha Mwalimu.
Alikirudisha, nikamchongea kingine,
na hiki tunakikalia watu saba bila kubanana,
huku kila mgeni akiuliza ni cha nani,
nami najibu jambo jingine kabisa.

Haya, washa.
Nitakutazama mikono.
Ukimaliza usiniite kwa mbali.
Njoo, niguse bega,
nitazame usoni, useme polepole
ni futi ngapi.